Darubini ya lenzi ya milimita 80 mbele ya Kilimia: vioo vimefaulu, fokasa inahitaji mkono

Darubini hii ina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 80, iliyoundwa kwa vioo vitatu, na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mwanga unapokutana) wa milimita 480, yaani f/6: 480 gawanya kwa 80. Kimoja kati ya vioo hivyo ni FPL-53, aina ya kioo kinachotawanya rangi kidogo, kutoka kampuni ya Ohara ya Japani. Umbo kama hili huuzwa kwa majina mengi ya biashara, na mara nyingi kinachobadilika ni rangi ya tyubu na nembo tu, hivyo mwenye darubini ya ukoo huu atajikuta humu hata kama yake ina jina jingine. Tumeipima kwa kuipigia picha Kilimia, lile fungunyota. Hukumu tunaitoa mapema: vioo ni vizuri sana, na karibu kila kasoro iliyojitokeza kwenye picha ilitoka nyuma yake, kwenye fokasa, kifaa kinachosogeza kamera ili kupata fokasi, na kwenye pete zinazobeba kamera. Asiyetenganisha pande hizo mbili anaweza kurudisha dukani darubini nzuri, au akabaki na mbovu akidhani tatizo ni kamera.

Kwa nini Kilimia

Fungunyota hupima lenzi vizuri kuliko nebula au galaksi kwa sababu nyota ni nukta. Wingu lenye kingo laini huficha makosa mengi, nukta haifichi. Ikitoka ndefu, ikiwa na mkia au pete ya rangi, kuna kitu mahususi kilichoifanya hivyo, na kitu hicho kinaweza kutafutwa kikapatikana.

Kilimia kinaongeza ugumu wake. Ni kipana, karibu digrii mbili, na kwenye kihisi cha kamera cha ukubwa wa APS-C, yaani milimita 23.5 kwa 15.7, darubini hii huona digrii 2.8 kwa 1.9, hivyo fungu lote linaenea kutoka katikati hadi karibu na kingo. Nyota zake kuu ni za aina ya B, zenye joto kali na mwanga wa buluu, na buluu ndiyo rangi inayozitesa lenzi. Tena zimezungukwa na vumbi linaloakisi mwanga wake: kitu hafifu kabisa kilicho bega kwa bega na kitu kikali. Hapo ndipo mwanga uliopotea njia ndani ya tyubu hujianika.

Nebula iliyo karibu na Maia, mojawapo ya nyota kuu za Kilimia, iligunduliwa kwa njia hii hii, mwaka 1885, pale ndugu Paul na Prosper Henry wa Paris walipoipiga picha kwa darubini ya lenzi ya sentimita 33. Lenzi yao ilisahihishwa kwa ajili ya mwanga wa buluu tu, kwa kuwa sahani za picha za wakati ule zilikuwa karibu pofu kwa nyekundu. Kihisi cha leo huona rangi zote kwa mpigo, kwa hiyo lenzi ya leo inadaiwa zaidi: buluu, kijani na nyekundu zikutane mahali pamoja.

Kilimia kipo digrii 24 kaskazini mwa ikweta ya anga, kinafikika kutoka sehemu kubwa ya dunia, na kinakaa vizuri jioni kuanzia Novemba hadi Januari. Usikipime kikiwa chini. Chini ya digrii 30 kutoka upeo wa macho, hewa yenyewe hupasua rangi: kila nyota hupata ukingo wa buluu upande wa juu na ukingo mwekundu upande wa chini. Lenzi nyingi zimelaumiwa kwa kosa hilo la hewa. Subiri kipande hadi digrii 45 au zaidi. Ukiwa na shaka, elekeza darubini kwenye nyota iliyo utosini. Ukingo wa hewa hutoweka. Ukingo unaotokana na kioo kilichoegama hubaki pale pale.

Namba za kuanzia

Kihisi kilichotumika kina pikseli za mikroni 3.76. Zidisha ukubwa wa pikseli kwa 206.265, gawanya kwa urefu wa fokasi, na hapa kila pikseli inafunika sekunde 1.6 za tao, ambapo sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii. Kwa kanuni ya Dawes, lenzi ya milimita 80 hutenganisha nyota mbili zilizoachana sekunde 1.45. Kwenye f/6, doa la mwanga wa kijani ambalo lenzi kamilifu ingechora kwa nyota moja lina upana wa mikroni 8 hivi, yaani pikseli mbili. Kihisi hiki basi ni kidogo cha kutosha kuyaona makosa ya lenzi. Kamera yenye pikseli za mikroni 6 au zaidi itaisifu lenzi yoyote kwa sababu haioni vizuri.

Namba nyingine ya kukariri ni upana wa eneo la fokasi, yaani umbali ambao kihisi kinaweza kusogea mbele au nyuma nyota ikabaki kali. Kwenye f/6 ni kama mikroni 80, unene wa unywele. Kila kitu kinachofuata, kuanzia fokasa hadi pete za milimita nusu, kinapimwa kwa unywele huo.

Vioo peke yake

Anza bila lenzi ya kunyoosha uga, ile inayofungwa mbele ya kamera ili nyota za pembeni zitoke kali kama za katikati. Ukiifunga tangu mwanzo hutajua kosa ni la nani.

Darubini iache nje kwa dakika 45 hadi saa moja, kwani vioo vitatu vilivyopangwa pamoja hupoa polepole, na cha katikati huchelewa zaidi. Kisha weka lenzi ya jicho ya milimita 4, ambayo hapa inakuza mara 120, na uelekeze kwenye nyota ya mwangaza wa 2 au 3 (kwa kipimo hiki, namba ikiwa ndogo nyota ni kali zaidi). Itoe kwenye fokasi kidogo kwa ndani, uangalie pete, halafu kidogo kwa nje. Pete zinatakiwa ziwe duara, ziwe na kitovu kimoja, na zifanane pande zote mbili.

Pete zilizosukumwa upande mmoja, kama kitovu kimehama, zinaonyesha koma: vioo havijalingana na mhimili wao. Pete za umbo la yai ambalo hugeuka digrii 90 unapovuka fokasi ni astigimatizimu, lakini kabla hujaandika malalamiko, geuza kichwa chako. Yai likigeuka pamoja na kichwa, kosa ni la jicho. Nyota yenye umbo la pembetatu ni dalili ya vioo vilivyobanwa na kishikio chake cha chuma, na kwa kawaida huonekana usiku wa baridi, kwa kuwa alumini husinyaa kuliko kioo. Usijaribu kulegeza pete ya kishikio mwenyewe. Vioo vikizunguka hata kidogo kutoka walivyovipanga kiwandani, usahihi wake umekwenda.

Darubini hii ilitoa pete za duara zenye kitovu kimoja. Upande mmoja wa fokasi ukingo wa pete ya nje ulikuwa mkali kidogo kuliko upande wa pili, mabaki madogo ya upotofu wa tufe (mwanga wa ukingoni na wa katikati ya lenzi kutokutana mahali pamoja) ambayo hayakuonekana kwenye picha.

Halafu kamera. Fokasi ipatikane kwa kinyago cha Bahtinov, kifuniko chenye mipasuo kinachochora mistari mitatu kwenye nyota, kile ambacho Pavel Bahtinov alikibuni mwaka 2005: mstari wa katikati ukikata makutano ya ile miwili sawasawa, umefika. Piga fremu 20 za sekunde 30. Muda mfupi una maana yake hapa, kwani makosa ya stendi na ya uongozaji wa darubini kufuata nyota hayapati nafasi ya kujichanganya na makosa ya lenzi. Kwa sasa tazama katikati tu ya picha. Bila lenzi ya kunyoosha uga, nyota za pembeni lazima zivimbe, na hilo si kosa la mtu.

Tenganisha chaneli tatu za rangi na upime upana wa nyota kwenye nusu ya mwangaza wake, ukitumia nyota za mwangaza wa 9 hadi 12. Alcyone, nyota kali kuliko zote za Kilimia, na wenzake usiwapime upana, maana wamejaza pikseli hadi juu na namba zao hazina maana. Wala usihukumu picha iliyokwisha kunyooshwa mwanga kwenye kompyuta ili vitu hafifu vionekane, kwa sababu kazi hiyo hunenepesha kila nyota.

Kijani na nyekundu zilikuwa karibu sawa, kwenye pikseli mbili hivi, na kwa hewa ya kawaida hayo ni matokeo mazuri. Buluu ilikuwa nene zaidi kidogo. Hapa wapimaji wengi huishia, wakaandika kwamba lenzi ina upotofu wa rangi. Swali la maana ni upotofu wa namna gani. Ipate fokasi upya kwa kutazama chaneli ya buluu peke yake. Ikinyooka ikawa nyembamba kama kijani, basi buluu ni safi ila inakutana mbele au nyuma kidogo ya kijani. Ikikataa kunyooka hata ukisogeza, umbo lenyewe la vioo halijasahihishwa kwa buluu, na hakuna dawa. Ya kwetu ilinyooka. Mwenye kamera isiyo na rangi na gurudumu la vichujio basi apate fokasi kwa kila kichujio. Mwenye kamera ya rangi aache kinyago kimwongoze, kisha asogeze kidogo sana kuelekea fokasi ya buluu. Kijani haitapoteza kitu cha kuonekana, na nyota za Kilimia zitakaza.

Mbele ya buluu kuna zambarau, na huko lenzi hii inashindwa kama ndugu zake wote wa daraja hili. Kamera isiyo na kichujio cha kuzuia mwanga wa urujuanimno na infraredi itapata duara la zambarau kuzunguka kila nyota kubwa ya Kilimia. Kichujio kinachoanza kupitisha kwenye nanomita 400 hupunguza. Kinachoanza kwenye 420 hufuta karibu lote. Kwa darubini hii chukua cha 420. Unapoteza mwanga kidogo, unapata nyota safi, na nebula ya Merope, vumbi linalong'aa kando ya nyota nyingine ya Kilimia, haipungukiwi na chochote cha kulilia.

Kuhusu jina la kioo, karatasi za matangazo hupenda kutaja kimoja tu. FPL-53 ina namba ya Abbe ya 94.9 na FPL-51 ina 81.5, na kadiri namba hiyo ilivyo kubwa ndivyo kioo kinavyotawanya rangi kidogo. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini lenzi ya vioo vitatu ni ndoa ya watatu, na vioo viwili vilivyobaki ndivyo vinavyoamua kama FPL-53 itafanya kazi yake. Hali ni hiyo hiyo kwa cheti cha Strehl (kipimo cha ubora wa lenzi, ambapo 1 ni kamilifu) cha 0.95: mara nyingi kimepimwa kwa rangi moja, kijani au nyekundu ya leza, na buluu haikuulizwa. Fremu 20 za Kilimia zinakuambia zaidi.

Umbali wa nyuma

Sasa funga lenzi ya kunyoosha uga. Mtengenezaji anaagiza milimita 55 kutoka kwenye bega la uzi wake hadi kwenye kihisi. Kwa kamera nyingi za anga zenye umbali wa ndani wa milimita 17.5, pete ya 16.5 na ya 21 hutimiza 55 kamili. Kwa kamera ya Canon yenye mdomo wa EF, milimita 44 za ndani na 11 za adapta hufika hapo hapo.

Kinachosahaulika ni kichujio. Kioo huchelewesha mwanga, na kila kichujio kilichopo kati ya lenzi na kihisi husogeza fokasi nyuma kwa theluthi moja ya unene wake. Kichujio cha milimita 2 kinadai milimita 0.7 zaidi, hivyo umbali sahihi ni 55.7. Bila nyongeza hiyo, nyota za pembe zote nne zilikuwa ndefu, zikielekea katikati ya picha kama miale.

Miale hiyo ndiyo dira. Kwa lenzi nyingi za kunyoosha uga, nyota za pembeni zinazoelekeza ncha zake katikati zinasema kihisi kipo karibu mno, na zile zinazojikunja kuzunguka kitovu zinasema kipo mbali mno. Ongeza au punguza kwa pete nyembamba za milimita 0.5 na 0.2. Nyongeza ya 0.7 ilimaliza sehemu kubwa ya tatizo, na nusu milimita nyingine ikakamilisha. Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi kichukuliwe kama mahali pa kuanzia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, pata fokasi upya kila mara, na uweke nyota ile ile katikati ili pembe zilinganishwe kwa haki.

Pembe zote nne zikiwa na kosa linalofanana, shida ni umbali. Ikiwa pembe moja au upande mmoja tu ndio mbaya, acha kuongeza pete, kwa sababu hutafika. Huo ni mwegamo, na hapa ndipo darubini hii ilipopoteza alama.

Fokasa

Fokasa ni ya meno, inchi 2.5, yenye gurudumu dogo la kupunguza mwendo kwa 10:1. Kwa mkono mtupu inateleza vizuri, haina pengo la meno la kusumbua, na grisi yake haikuganda kwa baridi. Mambo yalibadilika ilipobeba kamera yenye kipoza, kichujio na pete zake, mzigo unaozidi kilo moja. Pembe ya chini kulia ya picha ilianza kutoa nyota ndefu huku ile ya juu kushoto ikiwa safi.

Kuna njia mbili za kujua mwegamo uko wapi, na zote hazihitaji kifaa cha ziada. Ya kwanza, legeza rotata, pete inayoruhusu kamera kuzungushwa, na uigeuze kamera digrii 180. Pembe mbaya ikibaki kwenye kona ile ile ya picha, kosa linasafiri na kamera: ni kihisi chenyewe, au pete zilizopo nyuma ya rotata. Ikihamia kona ya mkabala, kosa limebaki kwenye darubini. Angalia rotata ipo wapi kabla ya kutoa hukumu, kwani kwenye miundo mingine lenzi ya kunyoosha uga huzunguka pamoja na kamera, nayo itahesabiwa upande wa kamera.

Ya pili haigusi chochote. Stendi ya ikweta, ile inayofuata mzunguko wa anga, inapovuka meridiani (mstari wa kaskazini-kusini upitao utosini) hupindua darubini, na upande uliokuwa chini unakuwa juu. Piga fremu kabla na fremu baada, bila kugeuza picha kwenye kompyuta. Kosa likibaki kwenye kona ile ile ya kihisi, ni mwegamo wa kudumu, labda uzi uliokatwa vibaya au pete yenye chembe ya uchafu. Kosa likihamia kona ya mkabala, uzito ndio unaolivuta: kuna kitu kinalegea na kuinama.

Hapa lilihama. Tyubu ya ndani ya fokasa ilikuwa inacheza. Ukiishika kamera na kuiinua taratibu kwa vidole viwili, unahisi mchezo mdogo kabla haijakaza. Kwenye kihisi chenye urefu wa milimita 23.5, mchezo wa sehemu ya kumi ya milimita kutoka ukingo hadi ukingo ni mikroni 100, na eneo lote la fokasi tulilonalo ni mikroni 80. Basi hakuna lenzi duniani ambayo ingeiokoa picha hiyo.

Tiba ipo na ni ya dakika chache. Chini ya fokasa kuna skrubu mbili ndogo za Allen zinazosukuma kipande cha kubana dhidi ya tyubu ya ndani. Kaza zote mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku kamera ikiwa imefungwa na darubini ikiwa imelala, hadi mchezo uishe lakini gurudumu bado linazunguka bila kulazimishwa. Ukikaza moja tu, tyubu itainuka mbele na kuzama nyuma, na utakuwa umetengeneza mwegamo mpya. Skrubu kubwa ya kufungia iliyo juu nayo ina tabia hiyo: ukiikaza sana inasukuma tyubu upande mmoja. Pata fokasi kwanza, ifunge kwa nguvu ya vidole tu, kisha hakiki tena kwa kinyago, maana kufunga kwenyewe husogeza fokasi.

Na usitumie kishikio cha inchi 2 chenye skrubu tatu kubebea kamera. Skrubu hizo hazibani sawa hata siku moja. Darubini inakuja na adapta ya uzi wa M48, na uzi hukaa bapa dhidi ya bega lake. Futa nyuzi zote kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzifunga. Chembe moja ya mchanga ni unene wa unywele au zaidi.

Baada ya marekebisho hayo pembe zililingana isipokuwa alama ndogo upande mmoja, ambayo inaonekana ukikuza picha kwa asilimia 200 na kuitafuta. Kwa kihisi cha APS-C imefaulu. Kwa kihisi kipana cha milimita 36 kwa 24 hatungeipendekeza fokasa hii ilivyo.

Duara za mwanga na vumbi la kweli

Alcyone, yenye mwangaza wa 2.87, ina pembetatu ndogo ya nyota hafifu kando yake, kati ya dakika mbili na tatu za tao. Pembetatu hiyo ni kipimo kizuri cha ung'avu uliopotea. Ikionekana safi juu ya anga jeusi la kadiri, ndani ya darubini mmetulia. Ikizama ndani ya duara jeupe, kuna mwanga unaorukaruka kati ya nyuso mbili.

Duara hilo hujitaja lenyewe. Pima upana wake kwa pikseli, zidisha kwa ukubwa wa pikseli upate milimita, zidisha kwa 6 kwa kuwa darubini ni f/6, gawanya kwa mbili. Jibu ni umbali kati ya nyuso mbili zinazorushiana mwanga. Duara la pikseli 530 ni milimita 2, na hesabu inatoa milimita 6: tafuta kioo kilichopo umbali huo kutoka kwenye kihisi, kwa kawaida dirisha la kamera au kichujio kilichosogezwa karibu mno. Kwenye majaribio haya duara la namna hiyo lilikuja na kichujio cha bei nafuu na likaondoka kilipobadilishwa, vioo vya darubini vikiwa vile vile.

Kilimia kina mtego wake, kwa sababu nyota zake zina mwanga wa kweli unaozizunguka. Linganisha nyota zake mbili, Atlas, mwangaza 3.6, na Electra, 3.7. Zinakaribiana sana kwa ukali, lakini Electra ipo ndani ya vumbi zito kuliko Atlas. Kama mng'ao unaouona unatoka kwenye lenzi, utakuwa sawa kwa zote mbili, wa duara na laini. Kama ni vumbi, Electra itakuwa na nyuzinyuzi na kingo zisizolingana, na Atlas itakuwa maskini. Darubini hii ilionyesha tofauti hiyo wazi. Rangi nyeusi ndani ya tyubu ni nzuri na vizuizi vitatu vya mwanga vipo mahali pake. Ukichungulia kwa tochi kutoka nyuma, ni ukingo wa pete moja tu ya fokasa unaong'aa, na rangi nyeusi isiyometa inaumaliza.

Kabla ya kulaumu chochote kwa ukungu wa mwanga, gusa ukingo wa lenzi. Umande mwembamba hutoa duara laini kwenye kila nyota, kubwa kwa ndogo. Mkanda wa joto ufungwe nyuma kidogo ya lenzi, kwenye nguvu ndogo inayotosha kuzuia umande. Ukiuzidisha, joto linainua hewa ndani ya kofia na nyota zinavimba tena.

Picha yenyewe

Vitu vikishakaa, mapishi ni mepesi. Fremu za sekunde 180, kati ya 60 na 80, chini ya anga lisilo na mwezi, pamoja na fremu 20 za sekunde 30 kwa ajili ya vitovu vya nyota kuu. Uongozaji uwe chini ya sekunde moja ya tao kwa wastani, kwa kuwa pikseli ni 1.6. Sogeza darubini kidogo kila baada ya fremu tatu ili madoa ya kihisi yasijipange. Fremu 30 za giza, lenzi ikiwa imefunikwa, kwa joto na muda ule ule, na fremu 30 za flati, yaani za uso wenye mwanga sawa kote, zilizojaa karibu nusu, zipigwe kabla hujafungua au kuzungusha kamera. Flati ni muhimu kwa Kilimia kuliko mafungunyota mengi: vumbi la anga lipo hadi kwenye kingo za picha, na giza la pembeni lisiporekebishwa utalifuta vumbi pamoja nalo.

Fokasi irudiwe joto linaposhuka digrii tatu au nne. Alumini husinyaa mikroni 23 kwa kila mita kwa kila digrii, hivyo tyubu la sentimita 40 hupungua mikroni 9 kwa digrii moja, na vioo navyo vina mwendo wao. Injini ya fokasi inafungwa kwa skrubu tatu bila kutoboa kitu, na kwa anayepiga picha usiku mzima tungeinunua kabla ya kichujio chochote cha ziada.

Nani anunue? Anayetaka mafungunyota na nebula pana kwa kihisi cha APS-C au kidogo zaidi, na ambaye hatishwi na spana ya Allen. Kwa sayari urefu wa milimita 480 ni mfupi mno, na mwenye kamera ya fremu kamili atafute yenye fokasa ya inchi 3. Sanduku, pete za tyubu na reli ya Vixen vilivyokuja nayo ni imara, havihitaji maneno zaidi.

Ukiinunua, fanya majaribio ya vioo na ya meridiani ndani ya muda ambao duka linakubali kurudishiwa. Ukihitaji kulalamika, tuma fremu ghafi ambazo hazijaguswa: moja ya katikati bila lenzi ya kunyoosha uga, moja kabla na moja baada ya kuvuka meridiani, na uandike umbali wa nyuma uliotumia pamoja na unene wa kichujio. Muuzaji anayeijua kazi yake ataona humo kama ni vioo au ni fokasa, na atajua kama akutumie skrubu au darubini nyingine.